Somo: Bara brith, mkate wa chai na zabibu wa Wales

Mlioniomba somo hili tangu mwezi wa Ramadhani, samahani kwa kuchelewa. Somo ndilo hili, na maswali mliyonitumia mlipolisoma na kulijaribu nimeyajibu huko chini.

Tuanze na jina, maana najua mtacheka. Kwa Kiwelisi, bara ni mkate. Mtu wa pwani akisema fulani katoka bara, Mwelisi atadhani katoka kwenye kapu la mikate. Brith ni yenye madoadoa, kwa hiyo huu ni mkate wa madoadoa, na madoa yenyewe ni zabibu. Kulitamka sisi hatupati tabu hata kidogo: r yao ni ya kutetemesha ulimi kama yetu, th ni ile ya thumni, ila i unaivuta kidogo.

Mwaka wa kumi na moja huu naishi Swansea, huku Wales, na aliyenifundisha ni bibi jirani yangu. Asili yake ni kaskazini mwa Wales, ambako bibi huitwa Nain, basi wanangu nao wanamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza aliniambia jambo moja, na mkilishika hilo mengine yote ni rahisi. Ndani ya mkate huu hamna siagi, hamna mafuta, hamna maziwa, hamna hamira. Ulaini wake wote unatoka kwenye chai iliyonywewa na zabibu usiku kucha. Anayefupisha kulowesha ataishia na mkate mkavu, halafu aseme mapishi ya Wazungu hayana ladha.

Zamani haukuwa hivi. Ulikuwa mkate wa hamira: siku ya kuoka mikate ya wiki, donge kidogo lilitengwa, likatiwa zabibu, sukari na viungo, likaokwa kwenye moto uliobaki. Wengi walitia mafuta ya nguruwe, kwa hiyo ukiukuta wa hamira mahali, uliza kwanza. Huu wa chai umekuja baadaye na ndio unaopikwa majumbani siku hizi. Wawelisi waliohamia Argentina mwaka 1865 kwa meli ya Mimosa walikwenda na mapishi yao, na huko Patagonia kuna keki yao nyeusi ya matunda, torta negra, ambayo ukiitazama utajua ni ya ukoo mmoja na huu. Mji wa Gaiman una nyumba za chai za Kiwelisi mpaka leo. Huku kwetu nao haukosi tarehe 1 Machi, siku ya Mtakatifu Dewi, mlinzi wa Wales.

Haya, jikoni.

Vitu vya mkate mmoja

Zabibu kavu gramu 350 (changanya nyeusi na za rangi ya dhahabu ukizipata)
Chai ya rangi, nzito, mililita 300
Sukari ya kahawia gramu 150
Unga wa ngano gramu 300, ule uliotiwa beking pauda kiwandani. Kama una wa kawaida, tia beking pauda vijiko vinne vya chai, vya kusawazisha kwa kisu
Yai moja kubwa
Mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, kungumanga robo kijiko, karafuu ya unga mchoto tu
Chumvi kidogo
Asali kijiko kimoja cha kupaka juu, ukipenda

Asiye na mizani atumie kikombe cha mililita 250: unga vikombe viwili na theluthi, zabibu vivyo hivyo, sukari robo tatu ya kikombe.

Hatua ya 1: usiku

Chemsha maji, tia pakiti tatu za chai au vijiko viwili vya chai vya majani vilivyojaa, funika dakika tano, chuja. Iwe kali hata ukiionja unakunja uso. Isiwe ya maziwa, isiwe ya tangawizi. Majani ya Kericho au ya Mufindi yanafaa kabisa. Kwanza hata chai wanayokunywa huku, nyingi ina majani ya Kenya ndani yake.

Zabibu ziroweke? Ndiyo, lakini zioshe kwanza, maana mchanga hauivi. Ziweke kwenye bakuli pamoja na sukari, mimina chai ingali moto, koroga mpaka sukari iyeyuke, funika, kalale. Walio kwenye joto la Dar au Mombasa, ikishapoa itieni kwenye friji. Asubuhi utazikuta zimevimba, makunyanzi yameisha, na ukibonyeza moja inateleza kati ya vidole. Maji yaliyobaki usiyamwage! Yamekuwa meusi na mazito kama shira nyepesi, na ndiyo utakayokorogea unga.

Hatua ya 2: kuchanganya

Washa oveni nyuzi 170, yenye feni 150. Tandaza karatasi ya kuokea kwenye tini ya mkate ya urefu wa sentimita 21 hivi, na iache karatasi izidi pembeni ili uwe na pa kushika wakati wa kuutoa.

Piga yai kwa uma, litie kwenye bakuli la zabibu. Hapa niwape habari yangu. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikaroweka zabibu nusu saa tu na nikatia yai chai ikiwa bado ya moto. Likaganda papo hapo, nyuzinyuzi nyeupe zikaelea kama mchuzi wa yai. Nain alichungulia bakuli, hakusema neno, akaenda kuteleka maji mengine. Kwa hiyo chai iwe imepoa kabisa.

Chekecha unga, viungo na chumvi juu yake. Koroga kwa mwiko, taratibu, kwa kukunja kutoka chini kwenda juu, mpaka usione unga mkavu. Ukishafika hapo acha. Ukiendelea kuupiga unakuwa mgumu wa kuvutika. Uzito unaotakiwa ni huu: ukiinua mwiko, unga unaning'inia kidogo, kisha unadondoka bonge zima kwa sauti ya "pwata". Ukimiminika kama wa mkate wa kumimina ni mwepesi mno, ongeza kijiko cha unga. Ukigoma kudondoka, ongeza kijiko kimoja cha chai ya rangi iliyopoa.

Hatua ya 3: kuoka

Mimina kwenye tini, sawazisha juu, oka saa moja mpaka saa moja na robo. Baada ya dakika 45 chungulia. Ukiona juu umekoza rangi mapema, funika kwa foili bila kubana. Ukichoma kijiti kitoke kikavu, lakini angalieni, kijiti kikipita kwenye zabibu kitatoka kinanata hata kama mkate umeiva. Choma sehemu mbili tofauti kabla ya kuhukumu.

Ukitoka, pashia asali moto kidogo na uupake juu ungali moto. Uache dakika 15 ndani ya tini, utoe, upoe juu ya wavu.

Hatua ya 4: kuuacha

Hapa ndipo wengi mtashindwa, na mimi nawaelewa, maana nyumba nzima inanukia mdalasini. Usiukate. Ukishapoa uzungushie karatasi ya kuokea, kisha foili, uweke kwenye bati lenye kifuniko mpaka kesho, kesho kutwa ndiyo bora zaidi. Ganda gumu la juu linalainika, na kisu kinapita bila makombo. Kata slesi za unene wa kidole, upake siagi yenye chumvi. Ipake hasa, alama za meno zionekane. Siagi ya Wales ni ya chumvi nyingi, na chumvi hiyo ndiyo inayoutuliza utamu wa zabibu. Majarini sikushauri. Kama siagi hamna, bora uule mtupu.

Maswali ya wanachama

Dada, sisi wa Morogoro wenye jiko la mkaa tumeachwa?

Hamjaachwa, mpenzi. Tia mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, unene wa vidole viwili, ipashe moto, weka tini yako juu ya mchanga, funika kwa sinia la bati au mfuniko bapa, kisha palia makaa juu. Makaa ya chini yawe machache sana, ya juu ndiyo mengi. Mkate huu una sukari nyingi, ukizidisha moto wa chini utaungua kitako kabla ya katikati kuiva. Usifunue kabla ya dakika 50.

Mimi niko Eldoret. Keki zangu zote hupanda vizuri halafu zinadidimia katikati. Huu nao si utafanya hivyo?

Unaweza, kwa sababu ya mwinuko. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo mkate unaumuka upesi na kuanguka kabla haujashika. Tumia unga wa kawaida ili upime beking pauda mwenyewe, anza na vijiko vitatu badala ya vinne, na ongeza chai ya rangi, vijiko viwili vikubwa, kwenye mchanganyiko. Pia usifungue oveni nusu saa ya mwanzo. Najua unachungulia.

Assalaam alaykum dada. Hapa Muscat tende ni nyingi kuliko zabibu. Nikitia tende tupu je?

Wa alaykum salaam. Tende tupu hapana, zinayeyuka kwenye chai na mkate unakuwa tope. Tia theluthi moja tende zilizokatwa vipande, theluthi mbili zabibu, na sukari ipunguze iwe gramu 100. Tende hizo zitie asubuhi, si usiku.

Bi mkubwa wangu ana kisukari, nimpunguzie sukari kiasi gani?

Unaweza kushuka mpaka gramu 75 na mkate usiharibike, ila nisikudanganye, zabibu zenyewe ni sukari tupu na unga nao unageuka sukari mwilini. Huu si mkate wa mgonjwa wa kisukari. Kama anautamani, muulizeni daktari wake kwanza, na slesi iwe nyembamba.

Shoga, mimi nimetia masala ya chai na iliki, watoto wamemaliza wote. Nimekosea?

Hujakosea kama umeliwa! Ila ukishatia iliki harufu yote inakuwa ya keki ya Idi, mdalasini na kungumanga havisikiki tena. Ule kwa raha zako, ila usimpelekee Mwelisi ukamwambia ni bara brith.

Zabibu zangu zimezama zote chini. Sababu nini?

Unga ulikuwa mwepesi. Ama chai ilizidi, ama zabibu hazikukaa muda wa kutosha kuinywa. Rudia hatua ya kwanza, na usisahau kipimo cha "pwata".

Naweza kufuata mapishi haya bila yai?

Ndiyo, na wapo wanaoupika hivyo hata huku. Weka vijiko vitatu vikubwa vya mtindi mahali pa yai. Utakuwa mzito kidogo na utakatika kwa urahisi, basi usubiri siku mbili kabla ya kuukata.

Unakaa siku ngapi?

Kwenye bati lililofungika, wiki moja bila wasiwasi kwa baridi ya huku. Kwenu kwenye joto na unyevu, siku tatu nje, kisha friji. Ukianza kukauka, banika slesi kwenye kikaango kikavu. Unaweza pia kuukata slesi ukaugandisha kwenye friza.

Shikamoo dada. Huyo Nain ameshaonja wa kwako? Alisemaje?

Marahaba mdogo wangu. Nilimpelekea wa tatu, maana wa kwanza na wa pili sikuthubutu. Niliukata vizuri, nikaupanga kwenye sahani yangu ya maua. Akala slesi nzima kimya, akafuta vidole, akauliza siagi iko wapi.