Kugawa bili ya umeme na maji kwenye nyumba ya kupangisha bila kugombana na watu

Ugomvi wa bili mara nyingi unatokea sababu hakuna aliyepima kitu, kila mtu anakisia tu mwenzake ndo anatumia sana. Kwa hiyo anza na mita. Uwezo ukiwepo kila nyumba iwe na mita yake kwa jina la mpangaji mwenyewe, hapo wewe mwenye nyumba umeshatoka kwenye hiyo stori.

Ikishindikana, funga mita ndogo kwa kila mpangaji nyuma ya mita kuu. Hesabu yake wala si ngumu: chukua bili nzima gawa kwa yuniti zilizosomwa mita kuu, unapata bei halisi ya yuniti moja, halafu zidisha kwa yuniti za kila mtu. Na usiongeze cha juu jamani, sehemu nyingi sheria inakataza, na hata isipokataza wapangaji wanajua kupiga hesabu.

Sasa mita ndogo ukizijumlisha hazitafika ya mita kuu. Tuseme kuu imesoma 300, ndogo zote 270, hizo 30 ni taa za nje, pampu, geti, ambazo unalipa wewe au mnagawana kama mkataba ulivyosema. Ila 30 ikiruka ghafla ikawa 90 usikimbilie kuwagawia watu, ita fundi umeme kwanza, huenda kuna mtu kajiunganishia kabla ya mita yake.

Kusoma mita: tarehe ileile kila mwezi, piga picha, tupia kwenye grupu la wapangaji. Mtu akihamia, picha ya kwanza mpige naye akiwa hapohapo.

Kama hakuna mita ndogo kabisa, maji gawa kwa idadi ya watu, umeme gawa kwa vifaa, hasa vinavyotoa joto. Hita ya kuogea ya wati 5000 inamaliza yuniti moja kwa dakika 12 tu, wakati taa ya wati 10 mpaka imalize hiyo yuniti ni masaa 100, kwa hiyo kumbana mwenye taa na redio alipe sawa na mwenye hita na jiko la umeme ni uonevu. Yaandike kwenye mkataba kabla hujatoa funguo. Ukiamua kuweka kila kitu ndani ya kodi, ni sawa, ila weka kiwango, akizidisha analipia kilichozidi, bila hivyo pasi na hita hazitapumzika.

Maji yana mambo yake. Bili ikipanda bila sababu funga koki zote uangalie mita, ikiendelea kuzunguka kuna bomba linavuja. Choo nacho kinavuja kimyakimya, tia rangi ya chakula kwenye tanki, subiri kama nusu saa bila kuflashi, rangi ikionekana kwenye bakuli basi badilisha vali. Maji yaliyovuja kwa ubovu wa nyumba ni hasara yako, labda kama mpangaji aliona akanyamaza.

Mtu hajalipa? Usimkatie umeme wala maji, nchi nyingi ni kosa na kesi inakugeukia wewe, mdai kwa maandishi. Akihama, soma mita siku anayokabidhi funguo, na deposit usiirudishe yote mpaka bili ya mwisho itoke, kata kinachodaiwa umpe na risiti.