Kutoka Malindi hadi Forodhani: Namna ya Kumtembeza Mgeni Akakumbuka

Mgeni anayetembezwa mbele ya bahari ya Mji Mkongwe wa Zanzibar husahau upesi kwamba Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilijengwa mwaka 1883, ila alichokinusa, alichokishika na alichokionja hukaa naye kwa muda mrefu. Mwongoza watalii na aipange njia yake kwa kuzingatia hilo.

Aanzie Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe wenye soko la samaki, saa kumi alasiri, jua likiwa limepungua ukali. Harufu ya samaki pale ni kali, na wapo waongozaji wanaopita mbio wakidhani wanamhurumia mgeni. Kwa maoni yangu wanampunja. Harufu hufika kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko picha au sauti, ndiyo maana mtu akiinusa tena baada ya miaka mingi, mahali pale humrudia mzimamzima. Wasimame hapo kidogo bila maelezo yoyote, kisha wafuate barabara ya Mizingani na kupumzika chini ya Mti Mkubwa, uliopandwa mwaka 1911.

Mguso ndio unaopuuzwa zaidi, ilhali mji huu ni wa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Pale ambapo lipu imebanduka, mgeni aombwe aweke kiganja ukutani taratibu, bila kukwangua, apapase vitundu vya jiwe ambalo zamani lilikuwa sehemu ya bahari. Mtu ambaye unga wa chokaa umembakia vidoleni hahitaji hotuba ndefu kuhusu matengenezo, wala hashangai akiambiwa kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020.

Wafike Forodhani, bustani ya ufukweni penye meza za vyakula jioni, kabla ya magharibi, vijana wangali wanajirusha baharini kutoka ukutani. Adhana ikianza, mwongozaji anyamaze. Baadaye wasogee kwenye mashine ya miwa, mgeni aone miwa ikikamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu kabla ya kukabidhiwa glasi. Chakula kiwe cha aina moja au mbili, kwa mfano urojo na mishikaki, kwani anayeonjeshwa kila meza hachukui ladha ya hata moja. Bei iulizwe kabla ya kuagiza, kwa kuwa ugomvi wa malipo nao hukumbukwa sawasawa na urojo.