Pikapu inarusha? Mambo ya kuzingatia kabla fundi hajatoa bapa la springi

Pikapu tupu inarusha, na hakuna fundi wa kulimaliza hilo kabisa. Hilux, Ranger, D-Max, L200 na wenzake zimeundwa kubeba takriban tani moja nyuma, na springi zake za mabapa (vyuma vyembamba virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) zimepangwa kwa ajili ya tani hiyo. Ukiwa peke yako na begi lako, nyuma kunakuwa kwepesi, springi haina kitu cha kuikandamiza, na teke la kila shimo linakufikia mgongoni. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, jiulize kama kurusha huko gari limezaliwa nako au limekupata njiani. Lile la kuzaliwa unalipunguza tu. Lile la ugonjwa linatibika, na mara nyingi kwa bei ndogo kuliko utakayotajiwa gereji.

Nasema hivyo kwa sababu gereji nyingi zina dawa moja ya haraka: toa bapa moja kila upande. Dawa hiyo inatuliza kweli kwa muda, na ndiyo maana inauzika. Ila bapa lililotolewa ndilo lililokuwa linabeba. Siku ukipakia magunia kumi ya mahindi ya kilo mia, nyuma inalala, ekseli inaanza kugonga raba zilizowekwa chini ya chasisi kwa ajili ya dharura, na mabapa yaliyobaki yanapinda kupita kiasi mpaka moja linakatika. Kutoa bapa kuwe jambo la mwisho kabisa, na kwa mtu ambaye habebi mzigo maishani mwake.

Kabla ya kwenda kwa fundi, jua gari lako linarusha namna gani. Chagua tuta moja unalolijua vizuri, lipite taratibu gari likiwa tupu, kisha lipite tena ukiwa na watu wawili watatu nyuma au mifuko michache ya saruji. Sikiliza kinachotokea baada ya tuta, maana pale kwenye tuta lenyewe kila gari linaruka. Likipiga teke moja kali kisha likatulia, tuhuma ni upepo wa tairi au springi ngumu. Likipanda na kushuka mara mbili, tatu, kama linaogelea, hapo shokapu zimechoka. Na kama kinachokusumbua ni mtetemo unaokuja kwenye spidi fulani tu juu ya lami nzuri, tuseme kati ya 80 na 100, halafu ukaisha ukipunguza au kuongeza mwendo, basi tafuta tairi lisilo na balansi, rimu iliyopinda, tairi lililovimba au krosi zilizolegea za propela (viungio vya shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma). Atakayekuuzia springi kwa ugonjwa huo anakula hela yako bure.

Sasa upepo. Watu wanaudharau kwa sababu ni wa bei rahisi, lakini pikapu nyingi zinazorusha mjini zimejazwa tairi kupita kiasi. Vijana wa pancha wakiona bodi ya mzigo wanapiga psi 45 bila kuuliza (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo yake: kuna karatasi ya kiwanda yenye namba za psi, mara nyingi moja ya gari tupu na nyingine ya gari lenye mzigo, mbele na nyuma. Fuata hiyo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto upepo nao unapanda na utasoma namba ya uongo. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vile vya kwenye kompresa za barabarani vimeangushwa chini mara nyingi mno kuaminika. Ukishashusha upepo kutoka 45 hadi namba ya kiwanda, pita tena kwenye tuta lako. Wengine wanaishia hapo, hawahitaji kusoma zaidi.

Angalia na aina ya tairi. Tairi lenye herufi C baada ya saizi, au LT kabla yake, lina ukuta mgumu kwa ajili ya mzigo. Ni zuri kwa anayebeba, ila kwa gari la kupeleka watoto shule linaongeza mateke. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu linakuwa gumu hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado ni ndefu.

Kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi hesabu inabadilika kidogo. Anayeijua barabara ya kutoka Ngorongoro kushuka mpaka lango la Naabi kuingia Serengeti anajua ninachosema: gari linatetemeka mpaka skrubu za dashibodi zinafunguka zenyewe. Madereva wa huko hupunguza psi kadhaa ili tairi lenyewe limeze yale mawimbi, na hupunguza mwendo pia, kwa sababu tairi laini likikimbizwa linachemka. Ukifanya hivyo, uwe na pampu ndani ya gari. Kurudi kwenye lami na tairi laini ukakanyaga mia ni kutafuta kupasukiwa.

Shokapu nazo zinasemewa uongo mwingi. Kazi yake haihusiani na kubeba gari. Mzigo wote uko juu ya springi. Springi inapokea pigo na kutaka kulirudisha, shokapu inalizima kwa kuligeuza kuwa joto ndani ya oili yake. Hapo ndipo palipo na kipimo kizuri kisichohitaji mashine: baada ya kutembea barabara mbaya kwa nusu saa hivi, simama, weka jeki yako mbali (huna haja ya kuinua gari), ingiza mkono na uguse mwili wa kila shokapu kwa nyuma ya kiganja, kwa tahadhari, maana inaweza kuunguza. Zinazofanya kazi zitakuwa za moto. Ikiwepo moja ya baridi wakati mwenzake wa upande wa pili ni wa moto, hiyo imelala. Kisha tazama kwa macho. Vumbi lililoshika unyevu kidogo juu ya shafti si kesi. Oili iliyotiririka mpaka chini na kutengeneza matope meusi, hiyo imekufa.

Kile kipimo cha kubonyeza boneti na kuhesabu inaruka mara ngapi kiache kwa magari madogo. Nyuma ya pikapu hata mtu mnene akiruka juu ya bampa springi haitikisiki vya kutosha kukuambia kitu. Afadhali upitishe kiganja kuzunguka uso wa tairi: ukihisi vilima na mabonde, tairi limekuwa likidunda juu ya barabara badala ya kuikamata, na mara nyingi shokapu ndiyo imeliachia. Ukinunua, nunua mbili kwa ekseli moja. Na usidanganywe na neno "hevi" kwenye boksi. Shokapu kali zaidi hazilainishi gari tupu lenye springi ngumu, zinaongeza mateke.

Baada ya hapo, lala chini. Ndiyo, tandika gunia ulale chini ya gari, mchana, likiwa limesimama kwenye tambarare na magurudumu yakiwa ardhini. Nyuma ya springi utaona sheko, vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye chasisi. Springi ikikandamizwa inanyooka, na ikinyooka inarefuka, kwa hiyo sheko lazima iwe na nafasi ya kubembea. Ikiwa imesimama wima kabisa au imeegemea upande usiostahili, springi inakosa pa kurefukia na kila shimo linakuja juu moja kwa moja. Hali hii utaikuta sana kwenye gari lililoongezwa mabapa. Chukua bomba la chuma, sukuma bushi (mipira au vyuma vya ndani ya kiungio) za sheko na za jicho la mbele, yaani tundu la mwisho wa mbele wa springi: zikicheza ovyo zimeisha, zikiwa zimegandamana na kutu zinafunga springi isifanye kazi. Zile zenye nipo za grisi (vitundu vya kuingizia grisi) mara nyingi hazijaona grisi tangu gari litoke meli.

Ukibadilisha bushi za mpira, msimamie fundi kwenye jambo moja dogo ambalo wengi hawalifuati. Boliti zake zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki huku magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umejikunja muda wote gari likiwa chini, na hautafika mbali kabla ya kuchanika.

Papo hapo hesabu mabapa, kulia na kushoto. Ukinunua pikapu mkononi mwa mtu hujui ilikuwa inabeba nini. Gari lililokuwa likishusha nyanya sokoni usiku, au zile Hilux za miraa zinazotoka Maua kukimbilia Nairobi, laweza kuwa limeongezwa mabapa bila mtu kukuambia. Linganisha na gari la mwaka na modeli hiyo hiyo ambalo halijaguswa. Tofauti ya bapa moja inatosha kueleza kila kitu. Hapo ndipo kutoa bapa kunapokuwa halali, kwa kuwa unarudisha gari kwenye hali ya kiwanda.

Mabapa yakishashika kutu yanakwaruzana badala ya kuteleza, na springi nzuri inajifanya ngumu. Yafunguliwe, yasuguliwe, vile vipande vya plastiki vya katikati vibadilishwe vikiwa vimeisha. Grisi ya kawaida kwenye barabara za vumbi siipendi: inashika mchanga na kuwa msasa. Tumia grafaiti au silikoni ya kupuliza. Wakati springi iko nje, angalia kama senta boliti, ile inayoshika mabapa pamoja katikati, haijakatika, maana ikikatika ekseli inasogea na gari linatembea kimshazari.

Kuna jambo moja la hatari ambalo halizungumzwi kabisa gereji. Hilux nyingi za zamani na baadhi ya pikapu nyingine zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa kwa fimbo kati ya ekseli na chasisi. Nyuma ikikaa juu, vali inasoma kwamba gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, ikishuka, inaongeza. Ukiongeza mabapa au sheko ndefu bila kurekebisha fimbo hiyo, gari lako litashuka mteremko wa Kitonga na tani moja mgongoni huku vali ikidhani halina kitu, breki za mbele zikibeba kazi yote. Muulize fundi kuhusu vali hiyo kabla hajagusa kimo cha gari. Akikutazama kama hajakuelewa, tafuta mwingine.

Kama baada ya haya yote bado unataka springi mpya, jua kwanza uzito unaobeba kila siku. Bampa la chuma, winchi, keria, kanopi na tangi la pili la mafuta ni mzigo ambao haushuki. Peleka gari kwenye mizani, pima ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Watengenezaji wakubwa, mfano Old Man Emu wa Australia, wanauza springi kwa madaraja ya uzito, na kosa la kawaida huku kwetu ni kununua daraja la juu kabisa kwa hoja kwamba "barabara zetu mbaya". Daraja linafuata kilo. Springi ya kilo mia nne za kudumu chini ya gari tupu itakurusha kuliko ile uliyoitoa. Na usikubali mabapa ya zamani yakunjwe upya kwa moto wa gesi, kwa sababu moto ule unaua ugumu wa chuma, na baada ya muda mfupi yanalala tena au yanakatika.

Kwa asiye na bajeti, au mwenye safari kesho, mzigo wa kilo mia hivi, mifuko ya mchanga kwa mfano, unatuliza gari tupu vizuri. Uwekwe mbele ya ekseli ya nyuma, ufungwe kwa kamba imara. Ukiuweka mwishoni mwa bodi unaleta mchezo wa mkia unaochosha zaidi ya kurusha kwenyewe.

Springi zikifunguliwa, yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ziwe mpya, kwani za zamani zimeshavutika. Rudi zikakazwe tena baada ya kilomita kama 500. Siku hiyo hiyo simamisha gari mbele ya ukuta usiku uangalie taa, maana kimo cha nyuma kikibadilika mwanga nao unahama: nyuma ikipanda unamulika miguuni pako, ikishuka unawapofusha wanaokuja.