Jinsi ya kutia maana baina ya mistari ya kitabu cha Kiarabu

Mwongozo huu ni wa anayehudhuria darsa na kitabu chake ni Kiarabu kitupu. Mfano nautoa kwenye Ajrumia, kijitabu cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Fes, Moroko, aliyefariki mwaka 1323, kwa kuwa madrasa nyingi za pwani zinakisomesha.

Sharti langu ni moja: baina ya mistari iingie maana ya neno tu. Sherehe za shekhe, yaani maelezo yake, na hitilafu za wanazuoni zina mahali pake.

1. Tafuta nafasi. Vichapo vingi vya madrasa vimebanana mno. Toa fotokopi, umwambie mwenye mashine akuze kutoka A4 hadi A3, yaani asilimia 141. Achapishe upande mmoja, ule mwingine utauhitaji. Msahafu siuandiki ndani hata kwa penseli. Aya nainakili daftarini.

2. Tumia penseli ya HB, uichonge sawasawa. Wino hutokea upande wa pili, na maana ya leo kesho huenda ukaibadilisha.

3. Tia irabu kwanza. Hapa wengi wanaharakisha. Herufi tatu zilezile ukizisoma *dharaba* ni "alipiga", ukizisoma *dhuriba* ni "alipigwa". Ukiandika maana kabla ya irabu, unabahatisha.

4. Andika neno chini ya neno. Chukua sentensi ya mwanzo: *al-kalaamu huwal-lafdhul-murakkabul-mufiidu bil-wadh'i*. Chini ya *al-kalaamu* weka "maneno", *huwa* "ni", *al-lafdhu* "tamko", *al-murakkabu* "lililoundwa", *al-mufiidu* "lenye faida", *bil-wadh'i* "kwa mpango".

Sasa utazame mstari wako. Kiarabu kinatoka kulia, herufi zetu zinatoka kushoto, kwa hiyo anayeusoma kwa mazoea atakuta "kwa mpango, lenye faida, lililoundwa, tamko, ni, maneno". Usihangaike kuupanga upya. Kila neno ni la Kiarabu kilicho juu yake, halina habari na jirani yake. Wazee walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na taabu hii, maana lugha zote mbili zilikwenda upande mmoja. Ukiziweza herufi hizo, zitumie, utastarehe.

Neno refu kama "lililoundwa" liandike mshazari, lishuke kidogo kuelekea mstari wa chini. Mara nyingine Kiswahili kinakusaidia: *dharabtuhu* ni neno moja, na "nilimpiga" vilevile. Neno unalolijua usiliandikie kitu, jicho litazoea kuruka Kiarabu na kutua kwenye Kiswahili.

5. Funga dhamiri, yaani kiwakilishi kama "yeye" au "hicho", na mwenyewe. Andika namba ndogo juu ya dhamiri, na namba hiyohiyo juu ya jina inalorejea. Mubtadaa, yaani jina linaloanza sentensi, naitia herufi *mim*; habari, yaani linalosemwa juu yake, *khaa*. Inatosha, ukurasa wenye mishale kila upande hausomeki.

6. Pambizoni andika sentensi nyoofu. "Maneno ni tamko lililoundwa, lenye faida, kwa mpango." Huo mpango wenyewe una kauli mbili: wako wanaosema ni utaratibu wa lugha ya Kiarabu, na wako wanaosema ni kukusudia kwa msemaji. Kauli hizo ziandike nyuma ya karatasi, chini ya mstari acha neno moja tu.

7. Kwa kompyuta, tengeneza jedwali la safu mbili za kulala, Kiarabu juu na maana chini, kila neno na kisanduku chake. Geuza mwelekeo wa jedwali uanzie kulia, kisha ufiche mistari yake. Ukitegemea kubonyeza nafasi ili maneno yakae sawa, yatavurugika mara tu utakapobadilisha ukubwa wa herufi.

8. Ukirudia kitabu, shika ufutio. Kila neno ulilolitambua kabla ya kutazama chini, lifute maana yake. Yanayobaki baada ya duru ya pili ndiyo ya kumpelekea shekhe.