Jinsi ya kuomba fedha na kibali cha utafiti wa lishe Tanzania Bara

Usianze na bajeti, anza na swali. Serikali ina Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe, awamu ya pili ikianzia 2021/22 hadi 2025/26, na andiko la kuombea utafiti lisiloonyesha linaziba pengo gani humo ni vigumu kulitetea. Kusema udumavu ni tatizo hakutoshi. Takwimu za 2022 zinaonyesha 30% ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, kutoka 34% mwaka 2015/16. Eleza kinachokwamisha katika halmashauri uliyoichagua. Wahi Taasisi ya Chakula na Lishe (TFNC) uulize kilichokwishafanyika.

Ruzuku za umma hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kupitia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE). Fuatilia wito wa maombi na usome vigezo vyake vyote.

Kibali cha maadili, yaani idhini kwamba utafiti unalinda haki na usalama wa washiriki, ndicho kinachokwamisha wengi. Hata kumuuliza mama mtoto alikula nini jana kunakihitaji. Omba kwenye mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ukiambatisha andiko, wasifu wa watafiti, barua ya taasisi yako, dodoso na fomu ya ridhaa ya Kiswahili. Fomu hiyo iandike kwa lugha nyepesi ambayo mama huisikia kliniki: "Tutamtoboa mtoto kidole na kuchukua matone machache ya damu ili kupima wingi wa damu. Ukikataa, ataendelea kupata huduma zote kama kawaida." Mama akisomewa hivyo anaelewa anachokubali, na hiyo ni haki yake. Sampuli zikienda nje ya nchi, ongeza mkataba wa kuzihamisha. Cheti hudumu mwaka 1, na taarifa ya maendeleo hutakiwa kila miezi 6. Mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha COSTECH na mshirika wa hapa nchini.

Ukishapata vibali, peleka barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Beba nakala za kutosha. Usimruke Afisa Lishe: ndiye anayejua zile shilingi 1,000 zinazotengwa na halmashauri kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 zimefanya nini, na ndiye atakayeyatumia matokeo yako. Nauli ya kurudi kumpa majibu yeye na wanakijiji iingize kwenye bajeti mapema.

Kabla ya kuchapisha, omba ruhusa ya NIMR. Makala ikitoka, peleka nakala huko na Wizara ya Afya.