Matairi makubwa ya A/T kwenye Prado 120: namna ya kupima, kununua na kufunga

Mwenye Toyota Prado 120 anayefikiria kufunga matairi makubwa ya A/T (all-terrain, yaani ya lami na ya barabara mbovu) huuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni tairi gani kubwa kabisa linaloweza kuingia? Nami niliwahi kuliuliza, na jibu nililopewa kwenye duka moja la matairi lilinigharimu seti nzima. Swali lenye faida ni jingine, yaani kuna nafasi kiasi gani kati ya tairi la sasa na kila kitu kinacholizunguka pale usukani unapokatwa hadi mwisho gari likiwa limebeba mzigo. Ukilijibu hilo kwa rula na kipande cha chaki, utaona kwamba kwa gari hili, ambalo lilitoka kiwandani kati ya 2002 na 2009 na bado limejaa katika barabara za Tanzania na Kenya, saizi inayowafaa watu wengi ni hatua moja tu juu ya ile lililokuja nayo.

Prado hizi zenye rimu za inchi 17 zilitoka na tairi la 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo ubavu ni asilimia 65 ya 265, yaani milimita 172, na kwa kuwa ubavu uko juu na chini ya rimu, mara mbili yake ukijumlisha na milimita 432 za rimu unapata tairi lenye kimo cha milimita 776. Hesabu hiyo hiyo kwa 265/70R17 inatoa 803, na kwa 285/70R17, ambalo ndilo wengi hulitamani, inatoa 831. Gawa ongezeko kwa mbili, kwa sababu nusu tu ndiyo inayoinua gari kutoka ardhini: 265/70 linaliinua kwa milimita 13, na 285/70 kwa milimita 27. Kiasi hicho ni kidogo kwa macho, lakini difu ya nyuma ya Prado, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, haiinuliwi na kitu kingine chochote isipokuwa tairi, kwani springi na shokapu ndefu huinua bodi na chesisi tu na kuiacha difu pale pale ilipokuwa.

Hizo milimita 27 ndizo nilizozifuata mimi. Muuzaji alinihakikishia kwamba 285/70 linaingia bila shida, na kweli, gari liliposhushwa sakafuni magurudumu yakiwa yamenyooka, hapakuwa na kilichogusana. Nilipokuwa ninarudi nyuma kutoka kwenye maegesho, usukani umekatwa wote kushoto, nikasikia mkwaruzo mzito kama wa mtu anayeburuta meza kwenye sakafu ya saruji. Tairi la mbele lilikuwa linasaga plastiki ya ndani ya fenda na kugusa maunting ya bodi, kile kipande cha chuma chenye raba kinachoibeba bodi juu ya chesisi nyuma ya gurudumu la mbele. Fundi alinishauri niinue gari kwa inchi mbili. Nikaliinua, na mkwaruzo ukabaki vile vile. Sababu yake ni rahisi, ingawa hakuna aliyenieleza wakati ule: springi ndefu huongeza nafasi juu ya tairi, ilhali tairi linapokatwa kona huzunguka kuelekea nyuma na mbele, na huko springi haziongezi kitu. Dawa iliyobaki ilikuwa kuikata maunting na kuichomelea upya. Hiyo ni kazi ya kugusa sehemu inayobeba bodi, na kwa maoni yangu haifai kufanywa kwa ajili ya milimita 14 za ziada. Nikayauza matairi yale kwa hasara.

Basi anza kwa kupima. Liegeshe gari mahali tambarare, kata usukani hadi mwisho upande mmoja, kisha pima nafasi kati ya bega la tairi na maunting ya bodi, plastiki ya fenda, kona ya bampa na, kwa upande wa ndani, mikono ya sasipensheni na paipu ya breki. Rudia upande wa pili, kwani pande mbili za gari lililokwisha kugongwa au kunyooshwa mara nyingi hazilingani. Baada ya hapo pandisha gurudumu moja la mbele juu ya tuta la udongo lenye kimo cha sentimita 20 hadi 30, ili springi ya upande huo ibanwe, na upime tena. Kwa 265/70 unahitaji zile milimita 13, nami huongeza nyingine 10 kwa ajili ya mtikisiko na raba zilizochoka, hivyo mahali popote penye chini ya milimita 23 paandike na upakumbuke.

Jambo la pili la kuamua ni kama unahitaji A/T kweli. Tairi la aina hii lina kashata, yaani vipande vya raba vinavyokanyaga ardhi, kubwa kuliko za tairi la lami na mifereji mipana inayotema mawe na matope, na mengi yana ubavu mgumu zaidi. Kwenye changarawe, kwenye barabara za vijijini zenye mawe makali, na kwenye mchanga ukipunguza upepo, utaona tofauti siku ya kwanza. Kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, kama ule wa Ndutu wakati wa masika, kashata hujaa baada ya mita chache na tairi likageuka kipara kwa muda. Huko linalosaidia ni tairi la matope au busara ya kusubiri. Na ikiwa safari zako ni za mjini tu, tuseme Mbezi hadi Posta jijini Dar es Salaam na kurudi, utakuwa umenunua mvumo, uzito na mafuta ya ziada bila kupata lolote.

Unapofika dukani, soma ubavu wa tairi kabla ya kusikiliza bei. Tafuta kwanza namba ya uwezo wa kubeba. Namba 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, nawe usinunue tairi lenye namba iliyo chini ya ile ya tairi la kiwandani. Saizi ikitanguliwa na herufi LT, hilo ni tairi lililotengenezwa kwa magari madogo ya mizigo (light truck): lina tabaka imara zaidi, ni zito kwa kilo kadhaa, na linahitaji upepo mwingi zaidi ili libebe uzito ule ule. Linafaa kwa anayepakia sana na kuishi kwenye mawe, lakini kwa familia ya watu watano litaufanya mwendo uwe mgumu bila sababu. Kisha tafuta tarakimu nne za tarehe, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Mara nyingine tarakimu hizo zimechapwa ubavu mmoja tu, na ubavu huo ndio utakaokuwa umegeuzwa ukutani. Omba tairi ligeuzwe.

Nunua matano. Prado nyingi za toleo hili huendesha magurudumu yote manne muda wote kupitia difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na difu hiyo hufanya kazi kwa amani pale tu magurudumu yote yanapozunguka kwa kasi inayolingana. Ukifunga manne mapya ya 803 na kubaki na spea la 776, siku utakayopata pancha difu ya katikati itakuwa inafanya kazi bila kupumzika hadi ufike kwa mziba pancha, na kama ni kilometa 200 utakuwa umeichosha bure. Kumbuka pia kwamba spea la gari hili limening'inia kwenye mlango wa nyuma. Tairi zito zaidi huongeza mzigo kwenye bawaba za mlango huo, na kifuniko cha plastiki kilichokuja na gari huenda kisilifunike tena.

Rimu za kiwandani zenye upana wa inchi 7.5 zinalipokea 265/70 bila tatizo, kwa hiyo usishawishike kununua rimu zinazotokeza nje wala kuweka speza (vipande vya chuma vinavyosogeza rimu nje) ili gari lionekane pana. Gurudumu lililosogezwa nje huchora duara kubwa zaidi linapokatwa kona, na hivyo hugusa mahali ambapo lisingegusa, huku likizichosha beringi.

Kazi ya kufunga yenyewe haina siri, ila inaharibiwa na haraka. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, legeza nati gari likiwa bado limesimama juu ya matairi yake, ndipo upige jeki na kuweka stendi chini ya chesisi. Jeki peke yake haiaminiki. Rimu ikitoka, safisha uso wa habu, yaani kitovu ambacho rimu hukalia, kwa brashi ya waya, kwa sababu kutu iliyobanwa katikati huzuia rimu isikae sawasawa, na baada ya siku chache nati hulegea na usukani huanza kutetemeka, nawe utailaumu balansi. Badilisha valvu pamoja na matairi. Tairi likishakaa kwenye rimu, hakikisha mstari mwembamba wa raba unaozunguka karibu na ukingo wa rimu una umbali sawa pande zote. Ukipotea mahali, tairi halijakaa, na dawa ni kutoa upepo, kupaka maji ya sabuni na kujaza tena. Balansi ya matairi ya A/T huhitaji risasi (vile vizito vidogo vinavyobandikwa kwenye rimu) nyingi kuliko ulizozoea, na hilo si kasoro, lakini rundo kubwa likikusanyika sehemu moja mwambie fundi alizungushe tairi nusu duara juu ya rimu na kupima upya.

Nati zianze kwa mkono, zikazwe kwa kuruka kutoka moja hadi ile inayoikabili, na zimaliziwe kwa spana ya kupimia nguvu gari likiwa chini. Kwa rimu za aluminiamu za Prado hii kipimo ni nyutoni-mita 112. Mashine ya upepo inayopiga kelele gerejini hukaza kupita hapo kwa mbali, na utalijua hilo usiku ukiwa na pancha porini, unairukia spana kwa miguu miwili na nati haitikisiki. Rudia kuzikaza kwa kipimo baada ya kilometa 100.

Sasa ichukue tena chaki. Paka mabega ya matairi ya mbele, ndani na nje, kisha endesha polepole uwanjani usukani ukiwa umekatwa wote, mbele na nyuma, ukipita juu ya tuta. Usisahau kurudi nyuma, maana hapo ndipo mguso wa kwanza hujitokeza. Washa tochi utazame ndani ya fenda. Alama nyeupe kwenye plastiki au kwenye madigadi si jambo kubwa, kwani plastiki hulainishwa kwa hewa ya moto na kusukumwa, na madigadi hupunguzwa kwa kisu. Usimruhusu mtu aikate plastiki yote, kwani ndiyo inayokinga nyaya na chuma dhidi ya maji na mawe. Alama ikiwa kwenye maunting, nenda kwenye alaimenti, wanakorekebisha mkao wa magurudumu, umwombe fundi atumie boliti za kurekebishia kwenye mikono ya chini kuyasogeza magurudumu ya mbele kuelekea mbele kidogo, ndani ya vipimo vinavyoruhusiwa. Milimita chache zinazopatikana hapo mara nyingi zinatosha kwa 265/70. Alama ikiwa kwenye paipu ya breki, gari lisitoke uwanjani kabla paipu hiyo haijafungwa upya mahali pake.

Chaki hiyo hiyo inapima upepo. Anza na kiwango cha kibandiko cha mlango wa dereva, au juu yake kwa PSI (kipimo cha upepo) kadhaa kama matairi ni ya LT, chora mstari mnene kukatisha kashata zote, na uendeshe mita 50 kwenye lami iliyonyooka. Mstari ukifutika katikati tu, upepo umezidi. Ukifutika pembeni tu, umepungua. Ukififia sawasawa, kiandike kipimo hicho, na upime tena siku utakayopakia mizigo na watu.

Kuanzia hapo mshale wa mwendo utakuwa unasema kidogo kuliko ukweli, kwani tairi la 803 hukwenda asilimia 3.4 zaidi kwa kila mzunguko. Ukisoma 80 unakwenda karibu 83, ingawa spidimita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo na hivyo pengo halisi huwa dogo. Linganisha na simu yenye GPS kabla askari wa tochi hajakulinganishia. Kwa sababu hiyo hiyo kila gia imekuwa ndefu kidogo, na kwenye mlima kama Kitonga, gari likiwa limejaa, utarudi gia ya chini mapema kuliko zamani. Breki nazo zina uzito zaidi wa kusimamisha, hivyo ongeza nafasi kati yako na gari la mbele. Kilometa zinazoandikwa ni pungufu vile vile: dashibodi ikionyesha 5,000 tangu umwage oili, gari limetembea karibu 5,170, nami kwa hiyo humwaga yangu kwenye 4,800.