Kabla hujachanganya baiskeli na mbio

Mtu aliyezoea baiskeli akianza kukimbia, kitu cha kwanza atakachokifurahia ni pumzi. Atamaliza kilomita 5 huku anapiga soga na mwenzake, atajiona amefika, na kesho yake ataongeza. Hapo ndipo ninapomsihi asubiri. Pumzi aliyoijenga kwenye pedeli ni ya kweli, lakini mifupa ya miguu, vigimbi na kano ya kisigino havijapata mazoezi hayo. Kwenye baiskeli uzito wa mwili hubebwa na siti. Kwenye mbio, kila unapokanyaga, mguu mmoja hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mwenye kilo 70 anapokea kama kilo 140 hadi 210 kwa kila hatua, na hatua zenyewe mara nyingi hupita 150 kwa dakika. Moyo na mapafu huimarika ndani ya wiki chache. Kano na mifupa hudai miezi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote au kupanga ratiba yoyote, jiulize unatokea upande gani.

Anayetoka kwenye mbio kwenda kwenye baiskeli ana kazi nyepesi. Miguu yake imeshazoea kishindo, na baiskeli haina kishindo. Makalio yatamuuma siku za mwanzo, mapaja ya mbele yatawaka kwenye mwinuko, basi. Huyo anaweza kupanda saa nzima kwa mwendo wa kawaida tangu wiki ya kwanza, mradi siti imewekwa sawa. Wa baiskeli anayeingia kwenye mbio aanze na dakika 15 hadi 20, siku mbili kwa wiki, zisizofuatana: akimbie dakika mbili, atembee moja. Asione haya kutembea mbele za watu wa jogingi. Wiki sita hadi nane za namna hiyo ndizo zitakazoamua kama baadaye atakuwa barabarani au nyumbani anakandwa ugoko kwa maji ya moto. Na ambaye hatoki upande wowote, yaani ndiyo kwanza anaamka kwenye kochi, aanze na kutembea kwa haraka pamoja na baiskeli. Mbio zitafuata.

Kuhangaika na vyote viwili kuna faida kubwa. Baiskeli inaufanyisha moyo kazi kwa muda mrefu bila kuitwanga miguu, ila haiijengi mifupa, na wapo waendesha baiskeli wa miaka mingi ambao mifupa yao ya kiuno imepungua uimara kwa sababu haibebeshwi mzigo. Mbio zinaubebesha mfupa mzigo huo, lakini ukizifanya kila siku viungo havipati nafasi ya kupona. Kwa sisi wa Dar es Salaam ipo sababu nyingine. Klabu nyingi za jogingi hujiandaa kwa Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Maana yake mazoezi mazito yanaangukia Desemba, Januari na Februari, wakati jiji lina joto na unyevu unaozuia jasho kukauka. Mkimbiaji hapo anazalisha joto kwa kasi kuliko anavyopoa. Anayeendesha kilomita 20 kwa saa anapata upepo wa mwendo wake mwenyewe. Kuhamishia sehemu ya mazoezi marefu kwenye baiskeli katika miezi hiyo ni busara, na naona hatuifanyi ya kutosha.

Afya iangaliwe kabla ya vifaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Huhitaji kuzidisha hapo ili uwe na afya. Pima presha na sukari kwenye zahanati iliyo karibu, hasa kama umevuka miaka 40 au nyumbani kwenu kuna historia ya maradhi hayo. Mwenye selimundu, na hata anayejua amerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu, azungumze kwanza na daktari, kwani kujikamua kupita kiasi kwenye joto na upungufu wa maji kunaweza kumletea madhara makubwa. Mama aliyejifungua asiharakishe mbio kabla ya miezi 3, hata akijisikia mzima kabisa. Nyonga na misuli ya chini ya tumbo vinahitaji muda. Na ukiamka na homa, nenda kapime malaria. Homa haitolewi kwa jasho.

Sasa baiskeli. Dar hakuna haja ya baiskeli ya bei kubwa ili kufanya mazoezi. Za mtumba zinazoshushwa kwenye makontena zinatosha, na hata foneksi ya mzee inatosha ukiifanyia ukarabati. Muhimu ikuenee. Simama ukiwa umeipachika fremu katikati ya miguu: pawe na nafasi kati yako na bomba la juu. Kisha siti, na hapa usiwe na haraka, maana magoti mengi yanayosingiziwa mbio yanaumizwa na siti. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino juu ya pedeli na uishushe hadi chini kabisa. Mguu unatakiwa kunyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, kama nyuzi 25 hadi 35. Siti ikiwa chini mno, goti linauma kwa mbele; ikiwa juu mno, linauma kwa nyuma na kiuno kinayumba kila unapokanyaga. Vijana wengi hapa mjini huendesha siti ikiwa chini ili miguu yote miwili ifike ardhini wakisimama kwenye foleni. Kwa safari ya dukani haina neno. Kwa saa nzima ya mazoezi, jifunze kushuka kwenye siti unaposimama.

Gia nazo zitumike. Anayekimbia ana tabia ya kuchagua gia nzito na kukanyaga polepole kwa nguvu, akidhani ndiyo mazoezi. Tafuta gia inayokuruhusu kuzungusha pedeli mara 80 hadi 90 kwa dakika. Magoti yanapumzika, na miguu inabaki na wepesi wa mbio za kesho.

Kabla ya kutoka, bana tairi kwa vidole, vuta breki zote mbili, zungusha gurudumu uone kama limepinda, angalia cheni. Upepo wa baharini una chumvi na unaila cheni upesi. Ifute kwa kitambaa, tia mafuta mepesi kama ya cherehani, futa yaliyozidi. Oili chafu ya gari inakusanya mchanga na kusaga meno ya gia. Beba tyubu ya akiba na pampu ndogo, au uhakikishe unajua mafundi wa njia yako wanafungua saa ngapi, kwa sababu saa 12 asubuhi wengi bado hawajafungua. Kofia ngumu ivaliwe hata kwa safari fupi. Anayevaa dira, baibui au suruali pana afunge pindo mbali na cheni, au aweke kinga ya cheni.

Raba za kukimbilia zinaweza kutoka mtumbani pia, soko la Karume au kwingineko, ila zichunguze. Ziweke juu ya meza uzitazame kwa nyuma: kama kisigino kimelalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshazimaliza. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi kama ngozi ya kiwiko, sponji yake imekufa hata kama juu zinang'aa. Raba nzuri hudumu takriban kilomita 500 hadi 800. Zihifadhi kwa mbio pekee, na za baiskeli ziwe nyingine.

Barabarani kuna jambo linalowachanganya wanaofanya vyote viwili siku moja. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, baiskeli nayo huenda kushoto pamoja nayo. Mkimbiaji pasipo na njia ya miguu hukaa kulia, akitazamana na magari yanayokuja. Mazoea ya upande mmoja usiyabebe kwenye mwingine. Mpanda baiskeli aachie nafasi ya mlango wa gari lililoegeshwa, na asiifuate daladala kwa karibu, kwani itasimama popote abiria alipo. Njia za mabasi ya mwendokasi si zetu. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kizibao kinachoakisi mwanga ni lazima kwa anayetoka kabla jua halijachomoza. Kwa mbio, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 lina njia ya miguu na upepo wa bahari, na alfajiri utakuta wenzako. Wanaopenda mchanga waangalie maji. Yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida, ufukwe unakuwa mpana na mchanga wa chini ni mgumu na tambarare. Yakijaa, unabaki na kipande chenye mteremko kinachoufanya mguu mmoja uwe mfupi kuliko mwenzake. Siku hiyo rudi kwenye lami.

Maji yaandaliwe tangu jana yake. Kwa zoezi linalozidi saa moja kwenye joto letu, watu wengi huhitaji kati ya nusu lita na robo tatu ya lita kwa saa, kwa kunywa kidogo kidogo. Jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukirudi na uzito ulioongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linatoa chumvi. Ongeza chembe ya chumvi au kula kitu chenye chumvi. Baiskeli ina faida ya kukubali chakula tumboni, hivyo kwa safari ya saa mbili kuelekea Bagamoyo beba ndizi mbivu na uanze kula kabla njaa haijabisha. Kabla ya mbio, uji mwepesi au kiazi kitamu saa mbili kabla ya kuanza kinatosha. Ramadhani, fanya mazoezi mepesi karibu na magharibi, futari ikiwa imekaribia, au baada ya tarawehe; mazito yaahirishwe.

Ratiba ya wiki ipangwe kwa dakika, kwa kuwa kilomita ya baiskeli na kilomita ya mbio hazilingani hata kidogo. Kwa anayeanza ningeweka mbio Jumanne na Alhamisi, baiskeli Jumatano kwa mwendo mwepesi, na baiskeli ndefu Jumamosi. Siku mbili za kuimarisha misuli ziwe za kuchuchumaa na kusimama, kunyanyuka kwa vidole vya miguu kwenye ngazi, na kazi ya tumbo. Jumapili watu wa jogingi watakuita. Nenda, mradi Jumatatu upumzike. Usiongeze urefu wa baiskeli na wa mbio katika wiki ileile.

Kufanya vyote kwa mkupuo, baiskeli kisha mbio, kungoje mpaka umefanya mbio peke yake bila maumivu kwa wiki kadhaa. Dakika za kwanza baada ya kushuka, miguu huwa mizito na hatua hazieleweki, kwa sababu misuli ilikuwa ikifanya kazi ya mzunguko na sasa inaombwa kupokea kishindo. Dakika 10 za mbio polepole zinatosha mara za mwanzo. Wanaotazamia mashindano ya duathlon, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni mbio kilomita 10, baiskeli 40, kisha mbio 5, watayahitaji mazoezi haya zaidi. Wengine mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Maumivu ya misuli yanayosambaa na kuisha kwa siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa wa ugoko, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole na yanayozidi unapokimbia, yanakuamuru uache mbio na ukaonwe na daktari, kwa sababu mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa.

Limebaki swali la baiskeli itakaa wapi wakati unakimbia. Usiifunge kwenye mti ufukweni ukaiacha, hata kwa kufuli nene. Panga mzunguko unaorudi nyumbani, iingize ndani, badili raba, kisha anza mbio zako getini.